Hospitali za Wastaafu wa Jeshi Marekani Zilivyojengwa kwa Malalamiko

Wizara ya Wanajeshi Wastaafu ya Marekani inaendesha hospitali zaidi ya 170 na zahanati zaidi ya elfu moja, na watu wapatao milioni 9 wamejiandikisha kupata huduma zake. Ni miongoni mwa mitandao mikubwa kabisa ya hospitali nchini humo iliyo chini ya uongozi mmoja. Anayeuona leo anaweza kudhani kuwa nchi tajiri ilikaa kitako siku moja, ikahesabu fedha zake na kuamua kuwatendea wema watu walioipigania. Haikuwa hivyo. Sehemu kubwa ya kilichopo kilipatikana baada ya kashfa, na karibu kila kashfa iliibuliwa na mtu ambaye wakubwa wangefurahi sana kama angefunga mdomo wake: mkuu wa chuo, mwandishi wa gazeti, karani wa mafao, daktari aliyechoka kuona takwimu za uongo.

Mwanzo wenyewe ulikuwa mzuri. Tarehe 3 Machi 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikielekea ukingoni, Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria ya kuanzisha makao ya taifa kwa askari wa kujitolea waliolemaa. Kesho yake, alipoapishwa kwa muhula wa pili, aliwataka Wamarekani wamtunze aliyebeba mzigo wa vita, pamoja na mjane wake na yatima wake. Mwezi uliofuata akapigwa risasi. Makao ya kwanza yalifunguliwa mwaka 1866 huko Togus, jimbo la Maine, katika majengo ya hoteli iliyokuwa imefilisika. Wakazi walivaa sare na kuishi kwa amri kama kambini. Palikuwa mahali pa kula, kulala na kuzeekea zaidi kuliko mahali pa kutibiwa, na kwa zama zile hilo halikuwa jambo dogo.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoonyesha kuwa kitanda na sahani ya chakula havitoshi. Vijana walirudi kutoka Ufaransa na mapafu yaliyoungua kwa gesi ya sumu, wengine na kifua kikuu, wengine wakitetemeka na kuweweseka usiku bila jeraha lolote la kuonekana. Mwaka 1921 serikali ilikusanya huduma zao chini ya Ofisi ya Wanajeshi Wastaafu na kumkabidhi Charles Forbes, rafiki wa Rais Warren Harding. Kwenye maghala ya Perryville, jimbo la Maryland, kulikuwa na shehena ya vifaa vya hospitali. Forbes aliiuza kwa kampuni ya Boston kwa bei ya kutupa, yakiwemo mashuka na taulo ambavyo hospitali zilikuwa bado zinavihitaji. Alijiuzulu Februari 1923, akapatikana na hatia ya kula njama ya kuiibia serikali, akahukumiwa kifungo cha miaka miwili. Majeruhi wa vita walikosa shuka ili tajiri mmoja apate faida.

Mwezi huohuo Forbes alipojiuzulu, katika mji mdogo wa Tuskegee, Alabama, ilizinduliwa hospitali ambayo kisa chake kinanigusa kuliko vyote katika historia hii.

Wanajeshi Weusi zaidi ya laki tatu na nusu walikuwa wametumikia katika vita ile. Waliporudi Kusini, hospitali nyingi ama ziliwafukuza ama ziliwaweka pembeni, penye huduma hafifu. Baada ya malalamiko mengi, serikali ilikubali kujenga hospitali ya kwao peke yao. Chuo cha Tuskegee, chuo cha Weusi kilichojengwa na Booker T. Washington, kilitoa takriban ekari 300 za ardhi bure. Yakasimama majengo 27 yenye vitanda 600, kwa gharama ya dola milioni 2.5, na hospitali ikapewa namba 91. Tarehe 12 Februari 1923, siku ya kuzaliwa Lincoln, Makamu wa Rais Calvin Coolidge alikwenda kuizindua.

Hotuba zilipokwisha, mambo yakawa mengine. Kanali mzungu aliyeteuliwa kuwa mkuu wa hospitali alikuja na mpango wa kuajiri madaktari na wauguzi wazungu watupu. Lakini sheria ya Alabama ilimkataza muuguzi mzungu kumhudumia mgonjwa mwanamume Mweusi. Suluhisho walilolipata ni hili: kila muuguzi mzungu angepewa msaidizi Mweusi, mwanamke wa kumshika mgonjwa, kumwosha na kumgeuza kitandani. Mshahara wa uuguzi angeuchukua yule asiyemgusa mgonjwa, na kazi angeifanya mwenzake kwa ujira mdogo zaidi. Hospitali ya Weusi, juu ya ardhi iliyotolewa na Weusi, ingekuwa shamba la ajira za wazungu.

Mkuu wa chuo, Robert Russa Moton, hakuwa mtu wa fujo. Mwishoni mwa 1918 serikali ilikuwa imemtuma Ufaransa kuzungumza na vikosi vya Weusi, na aliwashauri warudi nyumbani kwa unyenyekevu, ushauri uliowaudhi Weusi wenzake wengi. Huyu ndiye aliyemwandikia Rais Harding siku mbili tu baada ya uzinduzi, akimweleza kuwa ingekuwa aibu madaktari na wauguzi Weusi wanyimwe hata nafasi ya kufanya mtihani wa ajira. Chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, na chama cha madaktari Weusi vikaingia. Harding akayumba, kisha akaagiza wapewe nafasi. Vitisho vya kumwua Moton vikaanza kumiminika.

Tarehe 3 Julai 1923 aliwasili mhasibu Mweusi, amekuja kuanza kazi hospitalini. Ilibidi aondoke mjini upesi. Jioni hiyo mamia ya wanachama wa Ku Klux Klan, wamejifunika kanzu nyeupe na vichwa vimefichwa, waliandamana Tuskegee kuelekea hospitalini. Wanachuo na wahitimu walikuwa wamejiandaa kulilinda eneo la chuo. Moton hakurudi nyuma, na mwaka uliofuata Daktari Joseph Ward wa Indianapolis, ofisa aliyekuwa ametumikia Ufaransa wakati wa vita, akawa mkuu wa kwanza Mweusi wa hospitali ya wastaafu wa jeshi nchini Marekani. Madaktari wake walikuwa Weusi, wauguzi wake pia. Kwa miongo iliyofuata Tuskegee ikawa mahali ambapo daktari kijana Mweusi, aliyefungiwa milango kwingine, aliweza kujifunza upasuaji na tiba ya akili. Ubaguzi katika hospitali za wastaafu uliondolewa rasmi mwaka 1954.

Haifai kupaka rangi nzuri tu. Katika wilaya hiyohiyo ya Macon, mwaka 1932, idara ya afya ya umma ya serikali hiyohiyo ilianza kuwafuatilia mamia ya wanaume Weusi wenye kaswende, ikawaacha bila tiba kwa miaka 40 ili ione ugonjwa unavyowamaliza. Utafiti huo ulikoma mwaka 1972, baada ya Peter Buxtun, aliyewahi kuwa mtumishi wa idara yenyewe, kupeleka habari kwa waandishi. Alikuwa amewalalamikia wakubwa wake kwa miaka kadhaa, wakamsikiliza na kuendelea na kazi yao.

Turudi kwenye hospitali za wastaafu. Mwaka 1930 shughuli zote za wastaafu ziliunganishwa kuwa idara moja, yenye hospitali 54. Nyingi zilikuwa mbali na miji, maana wanasiasa walikuwa wamegawana miradi ya ujenzi kwa maslahi ya majimbo yao bila kujali daktari mzuri atapatikana wapi. Ajira zilipita katika urasimu uliochukua miezi. Vita Kuu ya Pili ilipokaribia kwisha, watu milioni 16 wakiwa wamevaa sare, ilikuwa dhahiri kuwa hospitali hizo zingezidiwa.

Mwandishi Albert Deutsch wa gazeti la PM la New York aliandika makala kuhusu hali ya hospitali hizo. Mei 1945 kamati ya Bunge ilimwita na kumtaka awataje watumishi waliompa habari. Alikataa, kamati ikamtia hatiani kwa kulidharau Bunge, na uamuzi huo ukafutwa baadaye. Sisi waandishi tuna sababu ya kulikumbuka jina lake. Miezi michache baadaye Rais Harry Truman alimwondoa mkuu wa idara na kumweka Jenerali Omar Bradley, kamanda aliyependwa na askari wake Ulaya, naye akamchukua Paul Hawley, aliyekuwa daktari mkuu wa majeshi ya Marekani huko huko Ulaya.

Walichofanya wawili hao kilikuwa rahisi kukieleza na kigumu kukitekeleza. Sheria ya Januari 1946 iliwatoa madaktari wa idara katika urasimu wa ajira za serikali. Kabla mwezi haujaisha, waraka mmoja mfupi ukaruhusu hospitali za wastaafu kuungana na vyuo vya udaktari: maprofesa wasimamie, madaktari wanaosomea ubingwa watibu chini yao, na hospitali mpya zijengwe karibu na vyuo hivyo. Mstaafu wa jeshi akapata daktari aliyekuwa akisoma majarida mapya, na chuo kikapata wodi za kufundishia. Mpango huo upo hadi leo. Kwa hesabu za wizara yenyewe, kati ya madaktari 100 wa Marekani, wapatao 70 wamepata sehemu ya mafunzo yao humo.

Faida yake ilivuka mipaka. Mwaka 1946 hospitali za wastaafu, zikishirikiana na za jeshi, zilianza majaribio makubwa ya streptomaisini kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Ndiyo dawa ile ya sindano ambayo wazee wetu waliougua kifua kikuu wanaikumbuka, kwa kudungwa kila siku kwa wiki nyingi. Katika hospitali ya wastaafu ya Bronx, New York, mwanafizikia Rosalyn Yalow alianza kazi mwaka 1947 ndani ya chumba kilichokuwa stoo ya mfagiaji. Humo, akishirikiana na daktari Solomon Berson, alibuni njia ya kupima kiasi kidogo mno cha insulini katika damu. Vipimo vingi vya homoni vilivyoenea katika maabara duniani vilitokana na njia hiyo, na mwaka 1977 Yalow alipewa Tuzo ya Nobel.

Mwaka huohuo wa 1977, mjane mtarajiwa alipiga simu ofisi ya mafao mjini Chicago. Mumewe, askari aliyetumikia Vietnam, alikuwa na saratani, na aliamini imetokana na kemikali alizokutana nazo kule. Aliyepokea simu aliitwa Maude DeVictor, mwanamke Mweusi aliyewahi kutumikia jeshi la majini. Angeweza kumjibu kama watumishi wengi wanavyojibu, njoo kesho. Badala yake alichukua kalamu.

Kati ya 1962 na 1971 ndege za Marekani zilimwaga lita zipatazo milioni 75 za dawa za kuua mimea juu ya misitu na mashamba ya Vietnam, ili adui akose pa kujificha na chakula cha kula. Iliyotumika zaidi ilikuja katika mapipa yenye mstari wa rangi ya chungwa, ikaitwa Agent Orange. Ndani yake mlikuwa na dioksini, sumu kali inayokaa mwilini miaka mingi. DeVictor aliwatafuta wataalamu, akawauliza wastaafu waliofika mezani pake walikuwa wapi na wanaumwa nini, akaandika mmoja baada ya mwingine. Aliamriwa aache. Akazipeleka habari hizo kwa mwandishi wa televisheni, Bill Kurtis, na kipindi chake cha Machi 1978 kikawafanya wastaafu wafurike kwenye ofisi za mafao wakiuliza habari zao. Baadaye DeVictor alipoteza kazi yake.

Serikali iliendelea kubisha kwa miaka 13. Iliwaambia wagonjwa: thibitisheni. Lakini askari wa miguu atathibitishaje kuwa siku fulani mwaka 1968, katika msitu usio na jina, alinyunyiziwa sumu ambayo hata hakuambiwa ipo? Mwaka 1984 kampuni za kemikali zilikubali kulipa dola milioni 180 ili kesi ya wastaafu iishe. Wavietnam, waliomwagiwa sumu hiyo juu ya nyumba na mashamba yao, hawakupata kitu katika malipo hayo, na kesi yao wenyewe ilitupwa na mahakama ya Marekani mwaka 2005.

Sheria ya Februari 1991 iligeuza mzigo. Tangu hapo, aliyetumikia Vietnam na ana ugonjwa ulio katika orodha iliyokubaliwa anachukuliwa kuwa ameupata kwa sababu ya utumishi wake, wala haulizwi ushahidi wa siku na mahali. Wanasayansi walipewa kazi ya kupitia tafiti mara kwa mara ili orodha irefuke kadiri ujuzi unavyoongezeka. Kisukari cha aina ya pili kiliingia mwaka 2001. Kwangu, hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote baada ya waraka wa 1946, kwa kuwa ilikubali kwamba kumbukumbu mbovu za jeshi si kosa la mgonjwa.

Majeraha ya akili yalipita njia kama hiyo. Kuanzia 1970 wastaafu wa Vietnam walikutana New York, wakakaa na madaktari wa akili na kuambizana ndoto zao mbaya. Mwaka 1979 serikali ilifungua vituo vya ushauri mitaani, nje ya hospitali, ambako wengi wa waliowapokea wagonjwa walikuwa wamepigana wao wenyewe. Mwaka uliofuata ugonjwa unaofuata kiwewe, kikiwemo cha vita, uliingizwa katika kitabu cha utambuzi cha chama cha madaktari wa akili wa Marekani, na ikawa vigumu zaidi kumwita mtu mwoga au mlevi bila daktari kuulizwa.

Katika miaka ya 1990 Daktari Kenneth Kizer alipewa kuzisimamia hospitali zote. Alifunga zaidi ya nusu ya vitanda, akafungua mamia ya zahanati karibu na makazi ya watu, na akasambaza faili za kompyuta ambazo madaktari na mafundi wa ndani walikuwa wamezitengeneza kwa miaka. Wazo moja la kipindi hicho lilitoka kwa muuguzi wa Topeka, Kansas, Sue Kinnick. Alikuwa akirudisha gari la kukodi alipomwona mfanyakazi akisoma mistari myeusi ya gari hilo kwa kifaa cha mkononi, shughuli ikaisha. Akajiuliza kwa nini mgonjwa na kidonge chake wasitambuliwe vivyo hivyo. Muuguzi anasoma mistari iliyo kwenye ukanda wa mkononi mwa mgonjwa, kisha iliyo kwenye dawa, na mashine inapiga kelele kama si dawa yake, si kipimo chake au si saa yake. Kufikia mwaka 1999 mpango huo ulikuwa unaenezwa katika hospitali zote za wastaafu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa wagonjwa wa hospitali hizo walipata asilimia 67 ya huduma walizostahili kitaalamu, huku wenzao wa nje wakipata 51.

Halafu sifa zikawalevya wasimamizi. Wastaafu wa Iraq na Afghanistan wakaongezeka juu ya wazee wa Vietnam, na wakuu wa hospitali wakaahidiwa marupurupu kama mgonjwa ataonwa ndani ya siku 14. Mwaka 2014 Daktari Sam Foote, aliyekuwa amestaafu hospitali ya Phoenix, Arizona, alifichua kilichokuwa kikifanyika. Wakaguzi walichukua sampuli ya wagonjwa 226. Hospitali ilikuwa imeandika kuwa walisubiri wastani wa siku 24 kumwona daktari kwa mara ya kwanza. Ukweli ulikuwa siku 115. Wengine 1,700 walikuwa wakisubiri bila hata kuwemo katika orodha. Waziri Eric Shinseki, jenerali aliyepoteza sehemu ya mguu wake Vietnam, alijiuzulu tarehe 30 Mei, na kabla ya mwisho wa Agosti ikapitishwa sheria ya kumruhusu aliyecheleweshwa atibiwe hospitali binafsi kwa gharama ya serikali.

Sheria nyingine kubwa ni ya 2022. Katika kambi za Iraq na Afghanistan takataka zote, plastiki, betri, rangi na uchafu wa hospitali, zilitupwa shimoni na kuchomwa kwa mafuta ya ndege, na askari walilala ndani ya moshi huo. Walipoanza kupata saratani na magonjwa ya mapafu, waliambiwa neno lilelile: thibitisheni. Mwishoni mwa Julai 2022 muswada wao ulikwama katika Seneti, na wastaafu pamoja na wajane wakalala kwenye ngazi za jengo la Bunge hadi ukapita Agosti 2 kwa kura 86 dhidi ya 11. Sheria hiyo ilikubali magonjwa zaidi ya 20 ya moshi, na ikaongeza shinikizo la damu katika orodha ya Agent Orange. Aliyerudi kutoka Vietnam mwaka 1968 alisubiri miaka 54.

Nchi zetu nazo zina watu wa aina hii. Wapo waliopigana Kagera mwaka 1978 na 1979, na wapo vijana wa Uganda, Burundi na Kenya waliotumikia Somalia. Mara nyingi Wamarekani walisaidiwa na karatasi za kuonyesha. Kwa hiyo ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yupo mzee au kijana aliyewahi kuvaa sare, kaa naye wiki hii. Muulize alitumikia kikosi gani, wapi na mwaka gani, alivuta moshi gani, alishika kemikali gani, alijeruhiwa wapi na nani alimwona. Andika yote, piga picha vyeti vyake, na nakala moja ipeleke kwa daktari wake ikae ndani ya faili.